Mtoto amekuwa wa njano kwa karoti, je vitamini A imemzidi?

"Mtaalamu habari. Mwanangu ana miaka miwili na miezi mitano. Tangu akatae mboga za majani nampa juisi ya karoti, glasi asubuhi na siku nyingine jioni pia, na uji wake nachanganya na viazi lishe. Sasa viganja, nyayo na pua vimekuwa vya njano kabisa, ila anacheza na anakula vizuri. Wiki iliyopita kwenye kampeni wakampa tena matone ya vitamini A. Mama mkwe anasema namuua mtoto kwa vitamini, ini litaharibika. Dada yangu yuko Muscat, yeye anasema kinyume, eti mimea haina vitamini A yoyote na napoteza muda na karoti, atanitumia mafuta ya samaki nimpe kijiko kila siku. Na mimi mwenyewe nina mimba ya miezi miwili na nusu, nakula maini karibu kila baada ya siku moja kwa ajili ya damu. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, hongera kwa ujauzito na pole kwa kelele za huku na huku. Nianze na kinachokunyima usingizi. Mtoto anayecheza, anayekula, na njano yake imekaa viganjani, nyayoni na puani, huyo kwa ulivyonieleza karibu hakika ana rangi ya karoti tu, hana sumu ya vitamini. Nasema karibu hakika kwa sababu sijamwona, kwa hiyo kuna jambo moja nataka ulifanye leo kabla hujaendelea kusoma. Mtoe nje mchana kwenye mwanga wa kawaida, sio chini ya taa maana taa zinadanganya, vuta kope ya chini taratibu na chungulia ule weupe wa jicho. Kama ni mweupe kama siku zote rudi tuendelee. Kama nao umekuwa wa njano acha kusoma umpeleke hospitali leo leo, hayo ni manjano, yanaletwa na kitu kingine kabisa kinaitwa bilirubini, na hata ukimnyima karoti mwaka mzima hayataondoka. Karoti haipaki weupe wa jicho rangi, ndio maana hiki kipimo cha bure kinatosha kutenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku.

Halafu nikwambie ukweli, kwenye ujumbe wako mrefu wote kitu kilichonishtua mimi ni kale kasentensi ka mwisho ka maini. Tutafika huko, usiruke.

Tuanze na dada yako wa Muscat kwa sababu kasema kitu ambacho ni kweli nusu, na nusu ile ya kweli ndio inaeleza kila kitu kingine. Ni kweli, karoti haina vitamini A. Wala mchicha hauna, wala viazi lishe, wala embe. Vitamini A yenyewe, ile tunayoiita retinoli, utaikuta kwa wanyama tu, yaani kwenye ini, kiini cha yai, maziwa, samaki, na kwenye vyakula au dawa ambazo watu wameiongeza wenyewe kiwandani. Mimea inatengeneza kitu cha nyuma yake, beta-karotini, na sisi ndio tunaimalizia kazi ndani ya miili yetu. Hili lilisumbua wanasayansi miaka mingi, maana walikuwa wanaona panya wanapona kwa mafuta ya ini la samaki ambayo karibu hayana rangi na wanapona vile vile kwa karoti zenye rangi kali, wakawa hawaelewi ni kitu kimoja au viwili, mpaka 1930 Thomas Moore kule Cambridge akachukua panya waliokaushiwa vitamini A mwilini, akawalisha karotini, kisha akakuta vitamini A imejaa kwenye maini yao. Panya wenyewe ndio waliogeuza. Kwa hiyo dada yako akisema mimea haina vitamini A yuko sahihi, ila akisema unapoteza muda na karoti hapo amekosea.

Mmea unaitengenezaje? Unachukua vipande viwili vyenye atomu 20 za kaboni kila kimoja, unaviunganisha vinakuwa mnyororo wa 40, mwanzoni hauna hata rangi. Halafu unaondoa hidrojeni hatua kwa hatua mpaka mnyororo unakuwa mwekundu, hapo unaitwa laikopini, ndio wekundu wa nyanya na tikiti maji. Mmea ukiendelea mbele ukakunja ncha zote mbili za mnyororo zikawa pete, ndio unapata beta-karotini ya rangi ya machungwa. Naeleza hivi sio kwa kujionyesha, ni kwa sababu zile pete ndio kila kitu, bila pete mwili wako hauwezi kutoa vitamini A hapo. Laikopini haina pete, kwa hiyo wekundu wa nyanya hautoi vitamini A hata kidogo, kidogo inayopatikana kwenye nyanya inatoka kwenye karotini iliyobaki pembeni. Na bitiruti ambayo naona kina mama wanawamiminia watoto siku hizi, rangi yake ni familia tofauti kabisa ya kemikali, haihusiki na vitamini A. Kwa hiyo usichague chakula kwa ukali wa rangi peke yake. Mchicha na matembele ni kijani tii na vina beta-karotini nyingi tu, imefunikwa na ukijani.

Wanyama karibu wote hatuwezi kuujenga huo mnyororo, tunautegemea mmea. Nasema karibu kwa sababu 2010 ilitangazwa kwamba kuna vidukari, hawa wadudu mafuta wanaosumbua kunde na mboga zetu, wenye jeni za kutengeneza karotini ambazo inaonekana wamezirithi kutoka kwa fangasi zamani sana. Haya, turudi kwa mtoto.

Akinywa juisi ile karotini inafika utumbo mwembamba, ikikuta mafuta inayeyuka humo na kuingia kwenye seli za ukuta wa utumbo. Ndani ya seli kuna kimeng'enya, kifupi chake BCO1, kinaukata ule mnyororo wa kaboni 40 katikati kabisa, pap, vinatoka vipande viwili vya 20. Kila kipande kinaitwa retinali. Retinali ikipewa hidrojeni kidogo inakuwa retinoli, retinoli inafungwa na asidi ya mafuta ili iwe salama kusafirishwa, inapitia mishipa ya limfu hadi kwenye damu na mwishoni inatua kwenye ini, kwenye seli fulani zenye umbo la nyota ambazo kazi yao kubwa ni kuhifadhi vitamini A. Mwili ukihitaji, ini linaifungua, linaipandisha kwenye protini maalum ya kuibeba, inaenda inakotakiwa. Na hiyo protini ya kubeba haijitengenezi hewani, inataka mtoto awe na protini ya kutosha na zinki, ndio maana unaweza kukuta mtoto mwenye utapiamlo ana akiba kwenye ini lakini haitoki.

Kwenye jicho retinoli inageuzwa tena kuwa retinali, na sio retinali yoyote, ni ile iliyopinda sehemu moja, inakaa ndani ya protini kwenye pazia la nyuma ya jicho. Mwanga ukiigonga inanyooka, na kule kunyooka ndio ishara inayokwenda kwenye ubongo kwamba umeona kitu. Kisha inabidi ikapindwe upya ndio itumike tena. Akiba ikiisha, jicho la gizani ndio linaanza kushindwa kwanza, mtoto anakuwa hodari mchana ila magharibi ikiingia anajikwaa kwenye ndoo na kutafuta kiti kwa mikono. Kwingine kote, ngozi, utumbo, mapafu, kinga, inayotumika ni hatua ya mbele zaidi, retinali inageuzwa kuwa asidi ya retinoiki, na hiyo inaingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuwasha na kuzima jeni. Retinoli na retinali zinaweza kugeuzwa kwenda na kurudi, lakini ukishafika kwenye asidi hakuna kurudi nyuma. Shika hilo, litatusaidia kwenye maini.

Sasa kwa nini mtoto awe wa njano na asiwe na sumu? Kwa sababu ule ukataji pale kwenye utumbo una breki. Asidi ya retinoiki ikiwa ya kutosha ndani ya seli za utumbo inawasha protini moja inaitwa ISX, na ISX inapunguza vitu viwili kwa mpigo, kimeng'enya cha kukata karotini na mlango wa kuiingizia karotini kwenye seli. Yaani chukulia karotini ni mahindi na retinoli ni unga, mashine ikiona unga umejaa inapunguza kusaga yenyewe, hata ulete magunia mangapi. Sasa kwa sababu unaendelea kuleta magunia kila asubuhi, ile inayopenya bila kukatwa inazunguka kwenye damu na mafuta, inajiweka kwenye mafuta ya chini ya ngozi, na nyingine inatoka na jasho na kunasa kwenye ngozi nene. Viganja na nyayo ndio vina ngozi nene na vina jasho jingi, na kwetu watoto wetu weusi ndio sehemu rangi inapoonekana kwa urahisi, pamoja na puani ambapo pana mafuta. Huo unjano aliouona mama mkwe ni karotini ambayo mwili umekataa kuigeuza vitamini A.

Kwa mahesabu uone ukubwa wake. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku. Kwa makadirio yanayotumika, inahitajika mikrogramu 12 za beta-karotini kutoka kwenye chakula ili kupata 1 ya retinoli, na hata ukishagawa hivyo glasi moja kubwa ya juisi ya karoti inafika kwenye 2,000 na ushee. Na hapo hujahesabu viazi lishe. Ingekuwa ni retinoli yenyewe anakunywa kiasi hicho kila siku kwa miezi ningekwambia mkimbize hospitali. Kwa karotini nakwambia punguza tu.

Na mwili wa binadamu ndio umepangwa hivyo, wengine wamepangwa tofauti. Paka karibu hawezi kabisa kukata karotini, umlishe karoti mpaka kesho atapata upofu kama hapati nyama au ini. Mbuzi anaikata karibu yote, ndio maana maziwa na mafuta yake ni meupe, na ng'ombe anaacha nyingi ipite nzima nzima ndio maana samli ya ng'ombe aliyelishwa majani mabichi ina ule unjano mzuri. Hata kati ya binadamu na binadamu tunatofautiana, jeni za hiki kimeng'enya hazifanani, kuna watu wanageuza vizuri na kuna ambao wanageuza kidogo sana kwa karoti zile zile. Ndio sababu simshauri mtu yeyote ategemee mboga peke yake akasusa mayai, maziwa na samaki kama anavipata.

Na matone ya kampeni? Hapa mama mkwe hofu yake ina msingi lakini imelenga pasipo. Kile kikapsuli chekundu ambacho muuguzi anakata kale kachuchu kwa mkasi na kumkamulia mtoto mdomoni kina yuniti 200,000, ambazo ni mikrogramu 60,000. Namba inatisha ukiiangalia yenyewe. Lakini gawa kwa 300 za siku, unapata siku 200, yaani miezi sita na kitu, na kampeni inakuja mara mbili kwa mwaka. Ni akiba inawekwa kwenye ini iliwe taratibu, ingawa sio yote inafika huko. Watoto wa miezi 6 hadi 11 wanapewa nusu yake, kikapsuli cha bluu. Mtoto mmoja mmoja anaweza kutapika, kuumwa kichwa au kuharisha siku ile au ya pili yake halafu inapita. Kama wiki imeisha na mwanao yuko sawa hilo limekwisha. Na matone haya hayakuanzishwa kwa kubahatisha, Alfred Sommer na wenzake walijaribu kule Aceh, Indonesia, na matokeo yaliyotoka 1986 yalionyesha vifo vya watoto waliopewa vilipungua kwa asilimia 34. Kitu cha kuangalia ni kadi tu, hakikisha kila dozi imeandikwa ili asipewe mara mbili ndani ya wiki chache, mara shuleni kwa dada yake mara kituo cha afya. Na usimnyime dozi ijayo kwa sababu ya rangi ya karoti, hivyo viwili havijumlishwi hivyo.

Mafuta ya samaki ya Muscat sasa. Hapa naomba uwe mkali. Mafuta ya ini la samaki yana retinoli iliyokamilika, haipiti kwenye ile breki, inaingia kama ilivyo. Kijiko cha chai kimoja kinaweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 1,000, wakati kiwango cha juu cha retinoli kwa mtoto wa umri wake kwa siku ni 600. Ukimpa kila siku juu ya matone aliyopata, hapo ndio utakuwa unatengeneza tatizo ambalo mama mkwe analiogopa, ini linajaa, mtoto anaanza kukosa hamu ya kula, ngozi inakauka na kuchubuka, nywele zinapukutika, mifupa inauma, anaumwa kichwa. Ajabu ni kwamba mtoto kama huyo anaweza asiwe wa njano hata kidogo. Mshukuru dada yako, mwambie atume kitu kingine. Na kama chupa imeshafika, soma lebo, kuna mafuta ya samaki ya kawaida yenye omega-3 ambayo yanatoka kwenye nyama ya samaki na hayana vitamini A ya maana, na kuna ya ini la samaki, ni vitu viwili na watu wanavichanganya kwa sababu picha ya samaki ni ile ile.

Haya, maini yako. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa, ambayo sio sahani kubwa, zina zaidi ya mikrogramu 7,000 za retinoli. Mjamzito anahitaji kama 770 kwa siku, na kiwango cha juu cha retinoli ni 3,000. Nilikuambia kwamba ikifika kwenye asidi ya retinoiki haina kurudi na inawasha na kuzima jeni. Kwa kichanga tumboni asidi hiyo ndio inasaidia kuelekeza wapi uwe uso, moyo, uti wa mgongo, na inafanya kazi hiyo kwa viwango vidogo sana vinavyotofautiana sehemu na sehemu. Ikimwagika kila mahali maelekezo yanavurugika, na miezi mitatu ya kwanza ndio ujenzi wenyewe unafanyika.

Sasa usianze kulia. Ushahidi mzito wa madhara kwa binadamu umetoka kwenye dawa za chunusi za jamii ya isotretinoini na kwenye saplimenti za dozi kubwa, kwa maini ya kula ushahidi ni mdogo, na akina mama wengi wameyala na watoto wako salama. Lakini kila baada ya siku moja, katika miezi hii, ni nyingi mno. Acha maini kwa sasa, mpaka miezi mitatu ya kwanza ipite kabisa, na baada ya hapo kama unayapenda sana iwe kipande kidogo mara chache, sio ratiba. Mimi ningekuwa na mdogo wangu mjamzito ningemwambia aache mpaka ajifungue tu, yaishe. Kwa damu unavyo vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kliniki, meza hivyo, na kula dagaa, maharage, nyama ya kawaida, na tunda chachu kama chungwa pamoja na mlo. Ukienda kliniki waambie ulikuwa unakula maini kiasi gani na tangu lini, waandike, na usiikose ultrasaundi watakayokupangia. Kama unameza multivitamini yoyote ya dukani ichukue uende nayo, waangalie kama vitamini A iliyomo imeandikwa retinoli, retinili asiteti au palmiteti, au kama ni beta-karotini. Na kama unapaka krimu ya retinoli usoni iweke pembeni kwanza.

Kwa mtoto, juisi isimamishe. Sio kwa sababu ya sumu, ni kwa sababu glasi mbili za juisi kwenye tumbo la mtoto wa miaka miwili zinachukua nafasi ya chakula, ameshashiba maji matamu kabla ya ugali na maharage. Karoti akila vipande viwili vitatu vilivyopikwa kwenye mchuzi inatosha, na viazi lishe acha viendelee ila sio kila uji kila siku. Viazi lishe ni chakula kizuri sana na sitaki uvikimbie, watu wanne walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kurutubisha mazao ya namna hii, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda ambaye alizalisha mbegu zinazolimwa ukanda wetu huu. Kipande cha ukubwa wa kiganja chake kinamtosha kwa siku.

Na hakikisha kuna mafuta kidogo kwenye mlo huo huo, kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia au karanga za kusaga au parachichi, bila mafuta karotini inapita tu na kutoka kwenye kinyesi. Kupika pia kunasaidia kwa sababu kunavunja kuta za seli za mmea, karoti mbichi anayotafuna mtoto mwenye meno machache nyingi inatoka kama ilivyoingia. Mboga za majani zina kazi zaidi kwa sababu karotini yao imeshikwa ndani ya ule mtambo wa kijani wa jani. Kuna utafiti wa Indonesia uliotoka 1995 ambapo kina mama wanaonyonyesha walilishwa mboga za majani kila siku na hali yao ya vitamini A haikupanda kama ilivyotarajiwa, na ni tafiti za aina hiyo zilizofanya makadirio ya zamani ya 6 kwa 1 yabadilishwe kuwa 12 kwa 1. Kwa hiyo matembele yaliyopikwa na karanga ndiyo, matembele yaliyochemshwa na chumvi tu sio sana, na yaliyoanikwa kwenye jua kali siku tatu yameshapoteza karotini nyingi, bora kuanika kivulini. Waliopo Kigoma, Burundi na Congo wana mawese mekundu na hawahitaji hata kuniuliza swali hili, ila wale wanaoyachoma mpaka yawe meupe ndio wanaochafua chakula kizuri, ile rangi wanayoiunguza ndio karotini yenyewe.

Kwa kuwa amekataa mboga mpe yai, nusu au zima, siku nyingi za wiki, na maziwa. Hiyo ni retinoli ya kiasi, haimzidi mtu. Na kama dawa za minyoo hakupewa kwenye ile kampeni ulizia, kwa umri wake kwa kawaida zinakwenda pamoja na matone, maana utumbo wenye minyoo haufyonzi vizuri.

Jambo moja hukuuliza lakini nalisema kwa wengine wanaosoma. Karotini kuwa salama kwenye chakula hakumaanishi vidonge vya beta-karotini ni salama kwa kila mtu. Finland walijaribu kuwapa wanaume wavuta sigara miligramu 20 kila siku wakitegemea kupunguza saratani ya mapafu, matokeo yakatoka 1994, saratani iliongezeka. Kwa hiyo baba anayevuta sigara asimeze hivyo vidonge.

Unjano utaanza kufifia ndani ya wiki chache, unaweza kuchukua miezi miwili hivi mpaka viganja virudi, usikate tamaa wiki ya kwanza. Ukiona umepunguza kweli kweli, na bibi yake hampi juisi kwa siri, na miezi mitatu imepita rangi iko pale pale, mpeleke apimwe, maana kuna watoto ambao tezi ya shingoni inafanya kazi kidogo na karotini inarundikana hata kwa chakula cha kawaida, na matatizo ya ini, figo au sukari nayo yanaweza kuleta hivyo. Na usisubiri siku ukiona weupe wa macho umegeuka, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, choo kimekuwa cheupe kama majivu, mtoto anajikwaa magharibi, au kuna mabaka meupe kama povu kavu kwenye jicho. Akipata surua pia mpeleke haraka na ukumbushe kuhusu vitamini A, surua inakomba akiba kwa kasi na anatakiwa apewe dozi upya hata kama juzi alipata, hapo mganga ndio anaamua.

Kitu cha mwisho, mtu akikwambia nenda maabara binafsi ukapime vitamini A kwenye damu ya mtoto, hela hiyo nunulia mayai. Ini linasawazisha kiwango cha kwenye damu mpaka akiba iko karibu kuisha, na homa ndogo tu inakishusha kwa muda, kwa hiyo kwa mtoto anayecheza kama wako jibu la hicho kipimo haliwezi kukwambia kama ini limejaa au liko tupu. Beba kadi yake na chupa ya Muscat kama imefika, muoneshe muuguzi wa kliniki siku unayokwenda kwa ajili ya mimba.